Uchungu wa kahawa si nguvu yake: Onja kwanza, kisha uchague kikombe kinachokufaa

Msomaji mpendwa, hebu jiulize swali hili. Kati ya kahawa nyeusi tititi inayoacha uchungu kooni na ile ya rangi ya hudhurungi yenye uchachu kidogo, ni ipi iliyo kali zaidi mwilini? Wengi ninaowauliza katika chumba changu cha matibabu hujibu upesi kwamba ni ile nyeusi. Wengine huongeza kwamba wameacha kahawa chungu kwa ajili ya moyo, na siku hizi wanakunywa ile "laini".

Jibu hilo si sahihi. Tena kosa lenyewe si dogo, kwa maana wapo wagonjwa wa shinikizo la damu, kina mama wajawazito na watu wanaokosa usingizi ambao huipima kahawa yao kwa ulimi tu. Ulimi ukisema ni laini, wao huongeza kikombe cha pili na cha tatu bila wasiwasi.

Ukweli ni kwamba uchungu hutokana hasa na jinsi kahawa ilivyokaangwa. Kafeini, ile kemikali inayochangamsha ubongo na kuuharakisha moyo, huchangia sehemu ndogo tu ya uchungu huo, na haipungui wala kuongezeka sana ikiwa kikaangoni. Aidha, kahawa ina mafuta fulani yanayopandisha kolesteroli katika damu, na kiasi cha mafuta hayo kinachoingia kikombeni hutegemea chombo ulichotumia kuipika. Ulimi wako hauwezi kukuambia hayo yote mpaka uufundishe.

Katika makala haya nitakueleza yanayotokea kikaangoni na jikoni, kisha nikuelekeze namna ya kuonja kahawa nyumbani kwako kwa utaratibu, ili ujue ni kikombe kipi kinachokufaa wewe na afya yako.

Kahawa yetu na herufi zake

Kahawa ililetwa nchini mnamo 1893 na wamishonari wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, waliopanda miche yao huko Bura katika nchi ya Taita. Kutoka hapo ilienea hadi Kiambu, na leo hupandwa Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru, Machakos, Kisii, Bungoma na kwingineko. Sehemu kubwa kabisa ya kahawa yetu ni ya aina ya arabika. Majirani zetu wa Uganda hupanda zaidi aina ya robusta.

Tofauti ya aina hizi mbili ni muhimu kwa mnywaji. Kwa uzani ule ule, robusta huwa na kafeini karibu maradufu ya ile ya arabika. Takriban asilimia 1.2 ya uzani wa punje ya arabika ni kafeini, na robusta huwa na asilimia 2 au zaidi. Kahawa nyingi za kuyeyuka majini, ambazo huuzwa katika mikebe na vifuko vidogo, huchanganywa na robusta. Kwa hivyo soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua.

Na vipi kuhusu zile herufi AA, AB, C na PB? Wanunuzi wengi hudhani kwamba AA maana yake ni kahawa tamu kuliko zote. La hasha! Herufi hizo hueleza ukubwa na umbo la punje baada ya kuchekechwa. AA ni punje kubwa, AB ni ndogo kidogo, na PB ni zile za mviringo zinazotokea wakati tunda la kahawa linapozaa punje moja badala ya mbili. Ladha hupimwa kando na waonjaji wenye ujuzi, kwa kijiko na kikombe, kabla ya kahawa kupelekwa mnadani. Kazi hiyo ya waonjaji ndiyo tutakayoiga hapa, kwa kiasi cha jikoni.

Yanayotokea kikaangoni

Punje mbichi ya kahawa ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia, na harufu yake ni kama ya nyasi kavu. Huwezi kuitafuna kwa urahisi. Inapokaangwa, maji yaliyomo hukauka, sukari yake huungua polepole na rangi hubadilika kuwa manjano, kisha hudhurungi. Joto likikaribia nyuzi 200 za selsiasi, punje hupasuka kwa mlio kama wa bisi za mahindi. Ikiondolewa motoni muda mfupi baada ya mlio huo, hiyo ndiyo kahawa iliyokaangwa kidogo. Ikiachwa dakika kadhaa zaidi huwa ya wastani. Ikiendelea kupata moto hadi mlio wa pili usikike, mafuta hujitokeza juu ya punje, nayo ikawa nyeusi na kung'aa. Hiyo ndiyo iliyokaangwa sana.

Kila hatua hubadilisha ladha. Kahawa iliyokaangwa kidogo hubaki na uchachu wa matunda. Ya wastani hupata utamu unaokaribia sukari guru na njugu zilizokaangwa. Iliyokaangwa sana hupoteza uchachu na kupata ukali wa moshi na mkaa. Ukionja kahawa ya Nyeri na ya Kisii zote zikiwa zimeunguzwa, itakuwa vigumu kuzitenganisha, kwa sababu ladha inayotawala ni ile ya moto.

Lakini kafeini huvumilia moto huo, nayo hubaki karibu ile ile. Ila kuna jambo moja la kuangalia. Punje iliyokaangwa sana hupoteza uzani na kuvimba, hivyo ukipima kwa kijiko utaweka kahawa chache zaidi kikombeni kuliko ukipima ile iliyokaangwa kidogo. Ndiyo maana kikombe cheusi na kichungu, kilichopimwa kwa kijiko, kinaweza kuwa na kafeini pungufu kuliko kile cha hudhurungi ambacho ulikiona laini. Hapo ndipo ulimi hudanganya.

Yanayotokea jikoni

Upishi wa kahawa ni wa namna nyingi, lakini kwa upande wa afya tunaweza kuzigawa namna hizo katika mafungu mawili: kahawa iliyopita kwenye karatasi na kahawa ambayo haikupita.

Katika fungu la pili kuna kahawa inayochemshwa sufuriani na unga wake. Ndugu zetu wa Pwani huichemsha katika dele juu ya makaa, wakatia tangawizi, kisha wakaimimina katika vikombe vidogo vya barazani. Waturuki na Waethiopia nao wana birika zao za kuchemshia. Pia kuna lile birika la kioo lenye kichujio cha waya kinachosukumwa chini kwa mkono, ambalo siku hizi huonekana katika nyumba nyingi za mijini. Katika namna hizi zote, mafuta ya kahawa huingia kikombeni. Chujio la kawaida la chai haliwezi kuyazuia, kwa maana matone yake ni madogo na hupita kwenye matundu.

Mafuta hayo yana kemikali iitwayo kafestoli. Uchunguzi uliofanywa Tromsø, kaskazini mwa Norway, na kuchapishwa mnamo 1983, ulionyesha kwamba watu waliokunywa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli ya juu. Baadaye ilibainika kwamba lawama hazikuwa za kafeini. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kuchemsha kahawa pamoja na unga wake, na kafestoli ndiyo iliyokuwa ikipandisha kolesteroli, hasa ile mbaya ambayo wataalamu huiita LDL.

Karatasi huzuia karibu kafestoli yote. Chombo hiki rahisi kilibuniwa mnamo 1908 na mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz wa Dresden, aliyechoshwa na machicha kikombeni. Alitoboa mkebe wa shaba, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, akamimina maji moto juu ya kahawa. Bentz alitafuta ladha safi tu, lakini bila kujua aliwafaa pia wenye magonjwa ya moyo. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa hivyo inaweza kuwa na kafestoli takriban mara 30 ya ile iliyopita kwenye karatasi. Kahawa ya espresso iko katikati. Ile ya kuyeyuka majini huwa na kidogo mno.

Jaribio la kwanza: Mikaango mitatu

Sasa tuingie mezani. Chagua asubuhi ambayo huna haraka, na uwe hujala kitu chenye pilipili wala kupiga mswaki muda mfupi uliopita. Nunua gramu 100 za kahawa ya kila mkaango: kidogo, wastani na sana. Ikiwezekana zote zitoke eneo moja, na kila pakiti iwe na tarehe ya kukaangwa. Kahawa iliyokaa miezi mingi dukani huwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, na haitakufundisha lolote.

Tayarisha vikombe vitatu vinavyofanana. Kila kimoja kitie gramu 8 za kahawa iliyosagwa kwa kila mililita 150 za maji. Kama una mizani ndogo ya jikoni, itumie. Kama huna, vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana vitakukaribia kiasi hicho, lakini kumbuka tulivyosema kuhusu kijiko na kahawa iliyovimba.

Kwanza inusa kahawa ikiwa kavu. Kisha mimina maji moto. Waonjaji hutumia maji ya karibu nyuzi 93. Ikiwa unaishi Nairobi, maji yako huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi kwa sababu ya mwinuko wa mji, kwa hivyo mimina mara tu yanapotulia. Ikiwa uko Mombasa au Malindi, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Yaache dakika moja au mbili kwanza.

Subiri dakika 4. Utaona unga umeelea juu na kufanya utando. Upasue kwa mgongo wa kijiko huku pua yako ikiwa karibu na kikombe, kwani harufu yote hutoka wakati huo. Ondoa povu na vipande vinavyoelea. Kisha subiri tena dakika 8 au 10 mpaka kinywaji kipoe. Usiharakishe, maana kitu cha moto sana huufanya ulimi usihisi ladha.

Sasa chota kwa kijiko na uvute kwa kelele, kahawa isambae kinywani kote. Hapa adabu za mezani zitusamehe. Iache sekunde chache, kisha uiteme katika kikombe kingine. Waonjaji wa kazi huonja vikombe vingi kwa siku, na kama wangemeza vyote, mikono ingetetemeka kabla ya saa sita.

Jiulize mambo manne. Je, uchachu uko wapi, na unafanana na nini: limau, balungi au pasheni? Je, utamu upo hata bila sukari? Je, uchungu huja mwanzoni au hubaki kooni baada ya kutema? Na je, kinywaji ni chepesi kama chai ya rangi au kizito kama uji mwepesi? Andika majibu yako, kisha rudia vikombe vile vile vikiwa vimepoa kabisa. Kahawa njema haiogopi kupoa. Kahawa mbovu hujifichua wakati huo.

Jaribio la pili: Kahawa moja, vyombo vitatu

Siku nyingine chukua kahawa moja tu, ile ya mkaango wa wastani, na uipike kwa njia tatu. Ya kwanza ichemshe sufuriani kwa dakika 3 ikiwa imesagwa laini, kisha uiache itulie. Ya pili itie katika birika la kusukuma ikiwa imesagwa kwa chembe kubwa, na uikandamize baada ya dakika 4. Ya tatu ipitishe kwenye karatasi maalumu ya kuchujia kahawa, iliyowekwa katika kikoni cha plastiki au cha udongo juu ya kikombe. Karatasi hizo hupatikana katika maduka makubwa. Usitumie karatasi ya chooni, wala usithubutu kutumia kurasa za gazeti hili, kwa sababu wino haukutengenezwa kwa ajili ya kunywewa.

Kabla ya kuonja, viweke vikombe karibu na dirisha na uvitazame kwa upande. Juu ya kile cha sufuria na kile cha birika utaona vijiduara vidogo vya mafuta vinavyometa. Kile cha karatasi kitakuwa kitupu na chenye kung'aa kama chai ya rangi. Sasa onja. Vile viwili vya kwanza vitajaa kinywani na kuacha utelezi ulimini. Cha tatu kitakuwa chepesi, na uchachu wake utajitokeza wazi. Watu wengine hupenda ule uzito, nami siwalaumu. Lakini sasa unajua utelezi ule ni wa nini, na ulimi wako umekwisha kujifunza kuutambua popote utakapokaribishwa kahawa.

Nilipata kumtibu mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na shinikizo la damu na kolesteroli ya juu. Alikuwa ameacha nyama ya mafuta, ameacha mayai ya kukaanga, na kila asubuhi alitembea kwa saa nzima, lakini kipimo cha LDL hakikushuka kama tulivyotarajia. Katika mazungumzo alinieleza kwa furaha kwamba bintiye alimletea birika la kusukuma, naye hujipikia vikombe sita kwa siku. "Si chungu, daktari, ni laini kabisa," akaniambia. Nilimwomba ahamie kwenye karatasi na apunguze hadi vikombe vitatu, huku akiendelea na dawa na matembezi yake. Baada ya miezi mitatu kipimo kilikuwa kimeshuka. Sitasema kahawa peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, lakini tangu siku hiyo huwauliza wagonjwa wangu wa moyo si tu kama wanakunywa kahawa, bali wanaipikaje.

Utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa mnamo 2020, uliofuatilia zaidi ya watu 500,000 kwa wastani wa miaka 20, ulionyesha mwelekeo huo huo. Waliokunywa kahawa iliyochujwa kwa karatasi walikuwa na vifo vichache kuliko waliokunywa isiyochujwa, na hata kuliko wasiokunywa kabisa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyowaokoa, lakini unatosha kumfanya mtu mwenye kolesteroli nyingi anunue pakiti ya karatasi.

Nani anapaswa kuwa mwangalifu?

Kwa mtu mzima mwenye afya, wataalamu wa usalama wa chakula wa Muungano wa Ulaya walisema mnamo 2015 kwamba kafeini isiyozidi miligramu 400 kwa siku haileti madhara. Kikombe cha mililita 200 cha kahawa iliyochujwa huwa na miligramu 90 hivi, na kikombe cha chai ya majani karibu 50. Ukinywa vikombe vitatu vya kahawa na vitatu vya chai, umekwisha kufika hapo. Hata hivyo wapo wanaopaswa kujipimia zaidi.

Mama mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku, chai ikiwemo katika hesabu. Kwa kawaida mwili huondoa nusu ya kafeini kwa muda wa saa 5 hivi, lakini katika miezi ya mwisho ya mimba inaweza kuchukua saa 15. Kafeini hupita na kumfikia mtoto tumboni, naye hana uwezo wa kuiondoa.

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa naye awe macho. Utafiti wa Japani uliochapishwa mnamo 2022 ulionyesha kwamba, kati ya watu wenye shinikizo la 160 kwa 100 au zaidi, waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa katika hatari maradufu ya kufa kwa magonjwa ya moyo na kiharusi. Vilevile, usinywe kahawa katika nusu saa kabla ya kupimwa shinikizo la damu. Kipimo kitapanda bure na utaongezewa dawa usizohitaji.

Mwenye upungufu wa damu, hasa akina mama na wasichana, asinywe kahawa pamoja na chakula wala mara tu baada ya kula. Kahawa, kama chai, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Inywe saa moja kabla ya chakula, au ukae saa mbili baada ya kula. Vidonge vya madini ya chuma visimezwe kwa kahawa, wala dawa za tezi la shingoni.

Ikiwa umepewa dawa iitwayo siprofloksasini kwa ajili ya maambukizi, punguza kahawa mpaka umalize dozi, kwani dawa hiyo huchelewesha mwili kuondoa kafeini, na unaweza kuhisi moyo ukidunda na usingizi ukikimbia. Naye aliyeacha sigara, hongera, lakini apunguze kahawa pia. Moshi wa sigara huuharakisha mwili kuondoa kafeini, na mtu akiuacha, vikombe vyake vya kawaida huanza kumletea wasiwasi ambao hudhani ni hamu ya sigara.

Kwa mwenye kiungulia, jaribio la kwanza litakuwa na faida ya pekee. Wengine huona kwamba mkaango fulani huwachoma kifua na mwingine hauwachomi. Hapo sikiliza mwili wako, na usinywe tumbo likiwa tupu. Lakini ukiona kinyesi cheusi kama lami, ukitapika damu, ukipungua uzito au chakula kikikukwama, usibadilishe kahawa. Nenda hospitalini.

Na kama umeamua kupunguza, usikate ghafla. Mnywaji wa vikombe vitano akiacha mara moja, ataumwa na kichwa ndani ya siku moja, na hali hiyo inaweza kudumu zaidi ya wiki. Punguza nusu kikombe kila baada ya siku mbili au tatu.

Moto na sukari

Kuna mambo mawili ambayo hayamo ndani ya punje, lakini huenda yakakudhuru kuliko kahawa yenyewe.

La kwanza ni moto. Mnamo 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, ilipokuwa tangu 1991. Lakini wakati huo huo lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, yamkini huleta saratani ya umio, yaani ule mrija wa kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi, na madaktari wa Bomet na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wamekabiliana nayo kwa miaka mingi. Huhitaji kipimajoto. Ikiwa huwezi kuishika kahawa kinywani ukahesabu hadi tano bila kukunja uso, bado ni ya moto mno. Wale tuliosubiri dakika 10 mezani tumekwisha kuona kwamba hata ladha huja baada ya kupoa.

La pili ni sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku ili apate faida zaidi ya kiafya, yaani kama vijiko sita vya chai. Anayetia vijiko vitatu katika kila kikombe humaliza fungu lake kwa vikombe viwili, kabla ya kugusa mandazi au soda. Je, kwa nini tunatia sukari nyingi hivyo? Mara nyingi ni kwa sababu kahawa yenyewe imeunguzwa, imekaa sana, au imechemshwa hadi ikatoa ukali wote. Tunaficha upishi mbaya kwa sukari, na anayelipa deni ni kongosho.

Wazee wa barazani huko Lamu na Mombasa hunywa kahawa chungu bila hata chembe ya sukari, na kikombe chao ni kidogo. Desturi hiyo ni nzuri. Kahawa yao haikupita kwenye karatasi, lakini udogo wa kikombe huwalinda kiasi, almuradi wasivirudie vikombe hivyo mara kumi. Ila na wao wasisahau kwamba kashata na halua zilizo kando ni sukari vilevile.

Chagua kikombe chako

Msomaji mpendwa, baada ya majaribio hayo mawili utakuwa na karatasi yenye maandishi yako mwenyewe. Ikiwa kolesteroli yako iko juu au kuna ugonjwa wa moyo katika familia, chagua karatasi, mkaango wowote uupendao. Ikiwa shida yako ni usingizi, mkaango hautakusaidia. Kunywa arabika, punguza kiasi, na kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana. Ikiwa una kisukari au unajitahidi kupunguza uzito, tafuta mkaango wa kidogo au wa wastani, mpya, ambao ulimi wako uliuona na utamu bila kutiwa kitu. Punguza nusu kijiko cha sukari kila wiki, na baada ya mwezi mmoja au miwili utashangaa ulivyoweza kuinywa ile ya zamani.

Wakulima wetu huchuma kahawa inayosifiwa ulimwenguni kote, ilhali wengi wetu hatujapata kuionja ilivyo, bila maziwa, bila sukari na bila kuunguzwa. Wahenga walisema, kizuri kula na mwenzio. Basi mwite mwenzio mezani, mwekee vikombe vitatu, na umuulize swali lile la kwanza. Akijibu kwamba kichungu ndicho chenye nguvu, mpe kijiko.